Jumamosi za Profesa Mwinzi

Mmeniuliza wengi, pale kanisani na pale kwa kinyozi, kwa nini pikapu yangu ilirudi Jumapili ikinuka samaki, nami nikiwa na matope hadi kwenye nyusi. Nimechoka kueleza kwa vipande. Naandika mara moja, kila mtu asome, na asiyeamini aje ainuse pikapu.

Wasionijua vizuri: mimi ni fundi wa mitambo ya maji, mwenye diploma. Nilitoka nchi hii na begi moja, nikafanya kazi miaka tisa katika kituo cha pampu huko Ghuba, nikarudi na kujenga nyumba yangu Kitengela bila kumwomba mtu hata msumari. Pikapu ya milango minne mnayoiona ni yangu. Ninayataja haya kwa sababu bila pikapu na diploma safari hii isingekamilika. Mtaona.

Profesa Mwinzi, baba wa mke wangu Mwende, tulimzika miezi mitano iliyopita kwao Kitui. Alifundisha uhandisi wa maji chuo kikuu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alizaliwa mahali ambapo mtungi mmoja wa maji ulikuwa safari ya nusu siku nyuma ya punda. Akaenda ng'ambo kusoma, akapanga chumba kwa mzee mmoja mvuvi, na akarudi nyumbani na shahada mbili na fito mbili za kuvulia samaki. Shahada alizitia kwenye fremu, akazisahau. Fito zilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, na ole wake aliyezisogeza.

Watoto wake aliwapenda kwa namna ya mhandisi. Siku ya wazazi shuleni alikuwa wa kwanza kufika, na kabla ya mkutano kuanza alikuwa ameshatengeneza mfereji uliokuwa ukivuja karibu na ofisi. Mimi alinipokea vizuri. Hakuniuliza kwa nini sikufika chuo kikuu. Aliniuliza pampu zetu kule Ghuba zilikuwa zikisukuma maji umbali gani, nilipomjibu akatoa karatasi, tukasahau chakula.

Lakini Jumamosi hakuonekana. Kwa miaka kumi na mitano, kila Jumamosi, alichukua fito zake na kuelekea Kajiado, akarudi jioni na samaki wawili watatu, akawaparua mwenyewe kwenye sinki. Mwende alipoomba kwenda naye aliambiwa barabara ni mbaya. Mama mkwe wangu alipika samaki wale, wala hakuuliza kitu.

Siku ya mazishi, mliokuwapo mnajua watu wetu walivyokaa wakitazama geti. Familia ya pili huja siku hiyo, na watoto wenye paji la uso la marehemu. Haikuja. Watu wakala wakaenda zao. Mama mkwe aliendelea kutazama geti hata baada ya viti vya kukodi kurudishwa.

Kisha simu ikaja kutoka kwa Mzee Parmuat, Mmaasai wa upande wa Bissil. Profesa alikuwa amechimba bwawa kwenye ardhi ya mzee huyo na kufuga samaki humo. Sasa kiangazi kilikuwa kimelikausha. "Samaki wa rafiki yangu watakufa wiki hii," alimwambia Mwende. "Mimi siwezi kuwagusa. Njooni."

Mama mkwe alisema anakwenda. Mwende akamuuliza atakwenda kufanya nini kwenye matope na umri wake.

"Nataka kuona alikuwa anakwenda kwa nani," alisema.

Sasa mnajua tuliendea nini. Mimi niliendea samaki.

Kitengela: pazia

Kwa Wakamba wa rika la mama mkwe wangu, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Huo si uadui. Ni heshima, na heshima yake haina likizo. Katika miaka saba ya ndoa nilikuwa nimeona kisogo chake tu, na ni kisogo cha mtu mwenye msimamo.

Alikuja Ijumaa asubuhi na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, iliyofungwa kwa kitambaa, akaingia kiti cha nyuma, akatoa leso mbili na pini. Moja alijifunga. Nyingine aliitundika katikati ya gari, nyuma ya viti vya mbele, kuanzia mlango hadi mlango. Mwende alikaa kando yangu.

"Mwambie Baba Mutheu hicho kioo akigeuze," sauti ikasema nyuma ya leso. Mutheu ni binti yetu, na kioo ni kile cha kati, cha kutazamia nyuma.

"Amesema ukigeuze," akasema Mwende.

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini si wewe uliyeambiwa."

Nikakigeuza kioo kikatazama paa. Nimeendesha gari katika miji ambayo wengine wenu mmeiona kwenye kalenda, lakini sijawahi kuendesha hivyo. Mgeni akituona angedhani tunasafirisha ushahidi wa kesi.

Matasia: wavu na chai

Wavu tuliutaka kwa Mwalimu Wekesa wa Matasia, mstaafu kutoka magharibi anayefuga samaki kwenye vidimbwi nyuma ya nyumba yake. Tulipitia Tuala, ambako tulikaa nusu saa nyuma ya punda waliobeba mitungi ya maji. Punda wa mbele alikuwa amelala barabarani kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwenye punda alimbembeleza kwa Kikikuyu, kisha kwa Kiswahili, kisha akaketi naye chini. Nilitaka kutoa ushauri. Mwende akanishika goti.

Mpango wangu ulikuwa tuchukue wavu na tangi, dakika ishirini, twende. Mwalimu Wekesa alikuwa na mpango wake.

"Kwanza chai," alisema.

"Mwalimu, tuna haraka kidogo."

"Haraka ni yenu. Chai ni yangu. Kwetu mtu hatoki na tumbo tupu, nitamwambia nini mama watoto?"

Chai ilikuja na ugali na kuku mzima, saa nne asubuhi. Mama mkwe hakushuka. Mke wa mwalimu alimbebea chai yake kwenye trei, akaingia nayo nyuma ya leso, wakakaa humo wakiongea kama watu waliosoma pamoja. Mimi na mwalimu tulisimama kando ya gari tukifunga tangi.

"Profesa alikuwa ananunua vifaranga vya samaki hapa kwangu," alisema mwalimu. "Mara nne. Tena alinirekebishia hii mifereji yote, akakataa malipo. Alitaka tu avue kwa saa moja, na akimpata samaki anamrudisha. Nikamuuliza, Profesa, hii ya vifaranga ni biashara? Akacheka. Akasema, hapana, hivi ni vya nyumbani."

Ndani ya gari kikombe kiliwekwa juu ya kisahani, taratibu sana.

"Nyumbani wapi?" sauti ikauliza.

"Mama anauliza, nyumbani wapi?" akasema Mwende, ingawa sote tulisikia.

Mwalimu alinitazama mimi. Mimi nilitazama fundo la kamba.

"Bissil, Mama," alisema. "Mimi nilidhani mnajua."

Tukapatana kwamba samaki watakaofika hai wataingia kwenye vidimbwi vyake, naye atupe wavu, tangi na mtambo mdogo wa kutia hewa majini. Tulitoka hapo saa tisa.

Barabara ya Isinya: ofisa

Barabara ya kutoka Kiserian kwenda Isinya ni nzuri, na kwa hiyo kuna kizuizi. Ofisa alizunguka gari mara mbili, akaligonga tangi, kisha akaiona leso.

"Huko nyuma kuna nini?"

"Mama mkwe," nikasema.

"Nauliza kuna nini."

"Afande, ni mama mkwe."

"Mbona umemfunika?"

"Amejifunika mwenyewe."

Ofisa aliinama dirishani. Kioo cha kati kilitazama paa, naye akakitazama kwa makini. Nilianza kueleza kwamba mimi ni mtu mwenye diploma. Akaniambia nishuke na diploma yangu. Wakati huo sauti ikatoka nyuma ya leso, kwa Kikamba, ikimuuliza ni mtoto wa nani.

Yule kijana alinyooka kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kumbe kwao ni Makueni, Ukambani. Aligeuza mgongo, akavua kofia, akajibu maswali yote akitazama malisho: mtoto wa nani, wa ukoo gani, na kama ameoa. Alikuwa ameoa.

"Na mama mkwe wako unamheshimu?"

"Ndiyo, Mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

"Una gari?"

"Sina bado."

"Ukipata, nunua leso kwanza."

Akatufungulia njia bila kututazama. Nilipopiga gia aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, pole."

Kajiado: maini ya upatanisho

Giza lilikuwa karibu, na njia ya ndani baada ya Bissil si ya kwenda usiku, kwa hiyo tulilala Kajiado mjini. Tuliingia hoteli moja ya kawaida yenye meza sita. Mama mkwe alichagua meza ya mwisho, akaketi akitazama ukuta. Mwende akaketi naye. Mimi nilikaa meza ya mlangoni, nikitazama barabara, nikaagiza mbuzi na ugali.

Mwenye hoteli, mama mnene mwenye aproni ya kijani, alitutazama kwa muda mrefu. Alikuwa ametuona tukishuka gari moja. Akaja akaegemea meza yangu.

"Kijana, mama ni mmoja tu."

"Kweli," nikasema.

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi ni wewe umekosa. Na bibi yako amechukua upande wa mama, unaona? Huyo ni bibi mzuri. Ngoja."

Akarudi na sahani ya maini yaliyokaangwa na vitunguu. "Hii sijaiweka kwa bili. Mpelekee kwa mkono wako mwenyewe. Mwambie, Mama, nisamehe. Hata usieleze mengi."

"Siwezi kumpelekea."

"Kwa nini?"

"Heshima."

"Heshima!" aliwaambia wateja wote. "Amemwekea mama yake mgongo, anasema ni heshima! Haki, wanaume wa siku hizi."

Wachuuzi wawili wa mbuzi waliacha kula ili wanitazame vizuri. Yule mama aliyapeleka maini mwenyewe. Nilisikia akinong'ona, kisha mama mkwe akajibu maneno machache, kisha mwenye hoteli akapita karibu nami akitikisa kichwa, akachukua soda yangu ambayo sikuwa nimeimaliza.

"Mama alimwambia nini?" nilimuuliza Mwende baadaye, tulipokuwa tukitafuta vyumba viwili vilivyo mbalimbali kabisa.

"Alisema, 'Mwache tu. Yuko hivyo tangu aoe.'"

Bissil: mwenye jina la samaki

Jumamosi asubuhi tuliingia Bissil. Mji ulijaa mbuzi na kondoo wa kuuzwa, waliokonda kwa kiangazi. Mzee Parmuat alikuwa akitusubiri mbele ya duka la dawa za mifugo, amevaa shuka nyekundu na juu yake koti la kijivu ambalo Mwende alilitambua mara moja. Lilikuwa la baba yake. Tai yake ya shingoni ilikuwa bado mfukoni, ncha imening'inia.

"Sopa," alinisalimia.

"Ipa," nikaitikia. Najua lugha nyingi.

Kisha akaenda kwenye dirisha la nyuma, akainamisha kichwa. "Takwenya, Mama Pasinkirri."

Mama mkwe ana majina kadhaa, na hilo halikuwa mojawapo.

"Mwulize anamwita nani hivyo," ikasema leso.

Mzee Parmuat alielezea akiwa amesimama, mkono juu ya gari. Kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama, urafiki unachukua jina la mnyama huyo. Kama nilikupa ng'ombe dume, unaniita Pakiteng, nami nakuita Pakiteng, na jina letu la kwanza tunalisahau. Aliyetoa kondoo ni Paker. Hamwezi kugombana tena kirahisi, maana kila mkiitana mnyama yuko katikati.

"Mimi nilimpa Profesa mtamba," alisema. "Mtamba mzuri. Nikamngoja anipe kitu. Akaja na ndoo. Ndani ya ndoo kuna nyoka wadogo wenye masikio. Nikamwambia, wewe, hiki ni nini? Akasema, hii ndiyo mifugo yangu. Watu wa hapa walicheka siku nyingi. Lakini zawadi ni zawadi. Sinkirri ni samaki. Basi mimi ni Pasinkirri na yeye ni Pasinkirri. Peke yetu Kajiado yote."

"Na unawala?" nikamuuliza.

Alinitazama kama niliyetukana. "Niwale nyoka? Mimi nawalinda tu. Miaka yote hii nafukuza ndege na mawe. Hiyo samaki hakuna mtu ataigusa, mpaka watu wake waje. Ndio nyinyi."

Akapanda pikipiki yake, akatuongoza. Ilituchukua saa mbili kwenda mwendo ambao kwenye lami ningeumaliza kabla ya wimbo mmoja kwisha redioni. Profesa hakusema uongo kuhusu barabara. Mwende alishika dashibodi, nami kila tukiruka nilisikia sufuria ya muthokoi ikigonga, na mara moja nikasikia mama mkwe akisema, si kwa mtu yeyote, "Kila Jumamosi?"

Bwawani: nyumba na nguzo

Kitu cha kwanza tulichokiona ni nyumba. Nyumba ndogo ya mabati kwenye kilima, mlango wa buluu, moshi ukitoka nyuma. Kitu cha pili ni mwanamke aliyetoka humo na kibuyu, amevaa shanga.

Sijawahi kusikia mlango wa gari langu ukifunguliwa kwa nguvu hiyo. Mama mkwe alipita mbele yangu bila kujali nani anamwona, leso ya pazia bado mkononi maana alikuwa ameing'oa, akapanda kilima kama msichana. Mwende alimkimbilia. Mimi nilibaki nimezima gari nikishika usukani. Pampu naweza kuitengeneza, lakini jambo kama hilo sijui unaanzia wapi.

Mwanamke wa kibuyu alikuwa mke wa Parmuat. Alikuwa ameleta maziwa kwa wageni na kuwasha moto wa chai. Mama mkwe alimsalimu kwa adabu, akampita, akaingia. Alikaa ndani dakika moja. Chumba kilikuwa na viti viwili vya mbao, sufuria moja, kopo la sukari, na shimo lililochimbwa na mchwa.

"Viti viwili vya nini?" alisema akitoka.

"Kimoja chake, kimoja changu," akasema Parmuat. "Yeye anatazama maji, mimi natazama ndege."

"Na mwingine?"

"Mwingine nani? Hapa nani atakuja?"

Mama mkwe aliketi kwenye kimoja cha vile viti. Sikuona uso wake, sikutakiwa kuuona. Lakini mabega hayakushuka. Mtu aliyekwisha kumwazia mume wake mwanamke kwa miaka kumi na mitano haridhiki kwa kukuta sufuria. Kama hakuja kwa mtu, basi alikuwa akiwakimbia watu. Nadhani hilo lilimuuma zaidi.

Tukaanza kazi. Bwawa lilikuwa limebaki dimbwi la kina cha goti, rangi ya chai ya maziwa, na migongo ya samaki ilionekana ikipasua maji. Nilifunga pampu yangu, niliyokuja nayo mwenyewe kutoka Ghuba, tukawa tunayavuta maji hadi kwenye matangi na mabirika ya mifugo ya Parmuat, yasipotee hata ndoo. Mwende na vijana wawili wa Parmuat walikokota wavu. Vijana walikuwa wakipiga kelele kila samaki akiwagusa mguu. Niliwaonyesha jinsi ya kusimama imara kwenye matope, na katika kuonyesha nikaanguka. Kutoka kilimani nilisikia kicheko kifupi ambacho sikuwahi kukisikia miaka saba. Nikajifanya nimeanguka kwa sababu ya kikazi.

Nilipoinuka ndipo nilipoitazama nguzo. Ilikuwa bomba la chuma lililosimikwa katikati ya bwawa, refu kunizidi mara mbili, kipimo cha kina cha maji kama kile ambacho kila mhandisi huweka. Lakini hakikuwa na mistari ya sentimita. Kilikuwa na mikato ya msumeno wa chuma, na kando ya kila mkato herufi zilizogongwa kwa nyundo, na nambari ya mita.

Nilianza kusoma kwa sauti. Juu kabisa, MUTHEU.

"Hiyo ni mvua kubwa," alisema Parmuat akiwa ukingoni. "Alikuja anakimbia, gari ameiacha kwa tope kule. Akasema, Pasinkirri, mjukuu amezaliwa. Maji ilikuwa inamwagika juu ya ukingo. Akaogelea na msumeno, akakata hapo hapo yalipofika."

Chini yake MWENDE KOFIA, siku mke wangu alipohitimu ualimu. Chini yake MUTUA NDEGE, siku shemeji yangu alipopanda ndege kwenda ng'ambo. Parmuat aliikumbuka. "Hiyo siku hakuvua. Alikaa tu."

Kila jambo la nyumba ile lilikuwa pale, mahali maji yalipokuwa wiki hiyo. Aliendesha gari kwa muda wa saa nne ili aje kulipima.

Yangu niliipata kwenye usawa wa goti. HARUSI. "Hiyo mwaka ilikuwa mbaya," akasema Parmuat kwa upole. "Maji ya kufika goti la ng'ombe tu." Naomba ieleweke kwamba ni kiangazi. Profesa hakuwa na la kufanya.

"Na mimi?"

Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni. Mwende alisoma nguzo yote upya, akizunguka. Alisoma mara ya pili polepole. Kisha akatikisa kichwa. Mama mkwe alirudi kwenye kiti chake.

Pampu iliendelea. Baada ya saa moja maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, kisha pungufu ya hapo, na chini ya nguzo, pale chuma kilipoingia kwenye zege, mkato mwingine ukatokea. Mwende aliupangusa kwa kiganja, akamwita mama yake.

SYOMBUA. Na nambari yake: 0.

Mama mkwe aliisoma kutoka ukingoni. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mutheu juu. Mwende juu. Hata mkwe yuko juu. Mimi chini ya matope, na sifuri."

"Mama, si hivyo," alisema Mwende, lakini Mwende ni mwalimu wa historia, si wa vipimo.

"Hiyo ndiyo ya kwanza," akasema Parmuat. "Mimi sijui kusoma, lakini hiyo aliikata kabla maji haijaingia. Bwawa lilikuwa kavu. Aliikata hiyo, akafurahi, akaenda nyumbani."

Ndugu zangu, hapo ndipo diploma ilipofanya kazi yake. Nilimgeuzia mama mkwe mgongo, kama heshima inavyotaka, nikaiambia nguzo.

Niliiambia kwamba kabla mhandisi hajapima chochote, huchagua mahali pamoja. Pawe pagumu, pawe chini kabisa, pasihamishwe na mafuriko wala kiangazi. Akishapachagua, pale ndipo sifuri. Haina maana kwamba hapana kitu. Maana yake ni kwamba kila kitu kinahesabiwa kutoka pale. "Mutheu ni mita tatu na nusu," niliiambia nguzo. "Kutoka wapi? Kutoka kwa Syombua. Harusi yetu ni nusu mita. Kutoka wapi? Kutoka hapo hapo. Ukiliondoa jina hili, haya mengine yote ni mikwaruzo kwenye bomba. Na hakuna mhandisi anayebadilisha sifuri yake. Akiibadilisha, amepoteza kazi yote."

Pampu ilinguruma. Samaki mmoja alijipiga kwenye matope.

"Mwulize kama ana uhakika," akasema mama mkwe.

"Mama anauliza kama una uhakika."

"Nina diploma," nikasema.

Nilisikia viatu vikivuliwa. Kisha nyayo kwenye matope, taratibu, zikinipita kando. Niliona mkono ukiipangusa nguzo kwa leso, ile ya pazia, herufi moja moja, hadi leso ikawa rangi ya bwawa na jina likang'aa.

"Na yeye yuko wapi?" aliuliza.

"Hakujiandika," akasema Parmuat.

Mama mkwe alikaa pale ameshika nguzo. "Baba Mutheu," alisema, na hakuwa akimwambia mtu mwingine. "Leo maji yamefika wapi?"

Nilitazama. Utando wa maji uliobaki ulikuwa ukigusa mkato ule kabisa, si juu, si chini.

"Kwako, Mama."

"Basi mwandike hapo alipofika."

Nikaleta msumeno na patasi. Nimefanya kazi nyingi za chuma maishani na zote ni nzuri, lakini hii ni nzuri kuliko zote. MWINZI, mstari mmoja na SYOMBUA, sifuri moja kwa wawili.

Kurudi

Samaki walisafiri vizuri. Wachache waliokufa njiani ndio mnaowanusa. Mwalimu Wekesa alikuwa ametupikia tena.

Leso ya pazia ililoa matope, haikuweza kutundikwa. Mama mkwe alikaa nyuma wazi, akitazama dirisha la kando, nami niliendesha na kioo kikitazama paa, kama mtu anayejua adabu. Karibu na Isinya nilitaka kulipita trekta, na lori ambalo sikuliona nyuma likapiga honi hadi meno yakauma.

"Baba Mutheu," sauti ikasema karibu na sikio langu, "rudisha kioo. Utatuua."

Mwende alifungua mdomo ili anifikishie ujumbe, akaufunga.

Nikakirudisha. Sikutazama ndani yake ila ilipolazimu.

Mvua ilikuja wiki tatu baadaye. Jana Mzee Parmuat alipiga simu kusema kwamba maji yamewafunika wale wawili, na asubuhi hiyo yaligusa harusi yangu. Tulikuwa kwa mama mkwe. Nilimwambia Mwende akamwambie. Mwende akasema nimwambie mwenyewe, yuko jikoni.

Nikasimama nje ya mlango wa jikoni, nikitazama ukuta, nikasema maji yamefika nusu mita.

Kisha nikasikia fito mbili zikigongana nyuma ya mlango, zikitolewa mahali pake.

"Jumamosi," alisema, "tutoke mapema."